Mtungi wa ruzuku kilo 6: mtungi mzuri, kuujaza ndo kazi

Mama yangu alichukua mtungi wa gesi wa kilo 6 ule wa ruzuku ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini), yeye yuko kijijini huko wilaya ya Bahi. Mwaka sasa tunautumia na kila nikipita Majengo, Dodoma mjini, nakuta watu wanaulizana kama unafaa, nimeona niandike.

Mtungi wenyewe sina neno nao. Serikali inalipa nusu ya bei wewe unamalizia nusu, mama alienda na namba yake ya NIDA akatoa elfu ishirini kasoro akarudi na mtungi umejaa pamoja na kichomeo chake. Moto ni wa bluu, hauna moshi, chai inachemka fasta, na yale macho ya mama yaliyokuwa yanatoa machozi kila jioni jikoni yamepumzika kwa kweli. Kusonga ugali wa uwele tu ndo uwe makini, mtungi ni mdogo unayumba, mama kaubana katikati ya mafiga yake yaleyale ya zamani ndo ukatulia.

Sasa gesi ikaisha. Gari la kampuni lilikuja siku moja likashusha mitungi likaondoka, wakala hakuna, kwahiyo kujaza ni mpaka Dodoma mjini, elfu 24, na nauli pamoja na bodaboda kwenda na kurudi inakula elfu kumi nyingine, na kuna makonda ukiwa na mtungi hawakupakii. Mkaa mama ananunua wa buku kwenye kopo, kuni anaokota. Gesi ya buku ataipata wapi? Dar wapo wanaouza gesi kwa mita unalipia kidogo kidogo, huku kwetu sijaiona.

Halafu duka nililojazia mara ya pili halikuwa na mizani. Nikaupeleka kwa jamaa anaenunua alizeti tukaupima, uzito wa mtungi mtupu umegongwa pale juu kwenye chuma, nikatoa, gesi ikabaki kilo 5 na kidogo wakati nimelipia 6. Niliumia sana, ile hela ni ya kuchanga.

Mimi sipingi kampuni za nishati kupewa ruzuku wala msamaha wa kodi, nataka tu ikae pale mtu anapoumia. Angalia umeme, kijijini kuunganishiwa ni 27,000, na matumizi madogo yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi bei ni shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na makato, kwahiyo mama akinunua LUKU ya elfu mbili anapata yuniti 16 na pointi na mwezi ujao hivyohivyo. Unafuu anakutana nao kila akinunua. Hata 2022 serikali ilipotoa bilioni 100 kwa mwezi kwenye mafuta, bei kikomo za EWURA (mamlaka inayodhibiti bei za nishati) zilitangazwa, kila mtu akaona kituoni imeshuka ngapi. Kwenye mtungi unafuu ni siku moja tu, kampuni imeshalipwa nusu yake na mteja mpya imempata, baada ya hapo mama anajitegemea. Na ile hela ni yetu jamani, kila ukinunua LUKU asilimia 3 inaenda REA.

Mkakati wa nishati safi unasema ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sawa, ila mtungi uliokaa mtupu mvunguni nao unahesabiwa? Kampuni inayopewa ruzuku iwekewe sharti, kila kata iliyoshusha mitungi iache wakala mwenye mizani, na sehemu ya ile ruzuku iende kwenye kujaza.

Mtungi nampa nyota 5, huduma ya kujaza nyota 1. Wa mama saivi ni mtupu, nitaufuata mwisho wa mwezi. Ukienda kujaza usione aibu, dai upimwe mbele yako kabla hujatoa hela, na uangalie sili haijaguswa.