The Wild Robot: watoto walicheka, sisi wakubwa tukajikaza kisabuni

Kama unawapeleka watoto kuangalia The Wild Robot ukitegemea dakika 102 za kusinzia kwenye kiti laini huku wao wanatafuna bisi, imekula kwako. Hii ni katuni ya watoto kwa jina tu. Mimi nilienda na kikosi kizima: wanangu wawili, mama yangu aliyekuwa amekuja Dar kwa ajili ya kliniki, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Watoto walitoka ukumbini wakirukaruka na kuigiza milio ya bata. Sisi wakubwa tulitoka tunaangalia chini, kila mmoja anajifanya kuna kitu kimemwingia jichoni.

Kwa ambaye hajaiona, kisa chenyewe si kirefu. Meli ya mizigo inapigwa na kimbunga, roboti mmoja anatupwa na mawimbi kwenye kisiwa kisicho na binadamu hata mmoja. Roboti huyo, Roz, ametengenezwa kwa jambo moja tu, kupewa kazi na kuimaliza. Anawazungukia wanyama akiuliza nani ana kazi ampe, nao wanamkimbia kama wameona jini. Katika purukushani za kukimbizwa na dubu, anaangukia kiota cha bata bukini na kuua familia nzima, linabaki yai moja. Yai linaanguliwa, kifaranga anafungua macho na wa kwanza kumwona ni Roz. Basi, amepata mama. Na Roz amepata kazi: amlishe, amfundishe kuogelea, amfundishe kuruka kabla ya majira ya baridi, kwa sababu bata wanahama na asiyejua kuruka atakufa.

Sasa niwaambie ya ukumbini, maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kwanza, watoto hawaogopi kifo kama tunavyodhani. Kuna mama mmoja msituni, oposamu, mnyama wa Amerika anayefanana kidogo na panya buku, ana kundi la watoto anaowafundisha kujifanya wamekufa adui akitokea. Kila kitoto kinakufa kwa mbwembwe zake. Ukumbi mzima wa watoto ulivunjika mbavu. Mbele yetu baba mmoja alikuwa anamziba binti yake macho kila mnyama anapoliwa, na wanaliwa kweli, filamu haifichi. Yule binti akawa anautoa mkono wa baba yake kidole kimoja kimoja, taratibu, bila hata kugeuka kumwangalia. Mwishowe baba akanywea. Kijana mwingine nyuma akauliza kwa sauti ya juu, "Mama, wamekufa kabisa au watarudi?" Mama yake akamwambia wamekufa kabisa. Akasema "haya", akaendelea na bisi zake.

Wazazi ndio tulikuwa na shida. Pale kifaranga, anaitwa Brightbill, anapojua ukweli wa jinsi familia yake ilivyokufa na kumkana Roz, nilisikia watu wanapenga kamasi safu tatu nyuma. Na ile sehemu ya kuhama, bata wameshajipanga, Roz anakimbia ukingoni kumwezesha mtoto apae, muziki wa Kris Bowers umepanda, hapo hata yule baba wa kuziba macho alitoa simu na kuangalia kioo kilichozimwa. Mwanangu mdogo ndiye aliyeniuliza kwa nini nalia wakati bata ameweza. Sikuwa na jibu la kumpa pale pale.

Lakini aliyeielewa filamu kuliko sote ni mama yangu, ambaye Kiingereza hakijui. Mwanzoni alikuwa ananigusa bega, "Anasemaje?", baadaye akaacha, akajifunika kitenge (kiyoyozi kilikuwa cha kuhifadhia samaki) na kuangalia kimya. Tulipopanda bajaji kurudi akasema, "Kumbe yule ni mfanyakazi wa ndani."

Dada akadakia, "Tena bila mshahara."

Tulicheka hadi dereva akageuka. Ila usiku nikaanza kuipitia filamu upya kichwani nikaona bibi kasema kweli tupu. Fikiria: mtu anafika mahali asipojua lugha, anaanza kwa kuuliza kazi. Anakaa kimya anasikiliza mpaka anazielewa sauti za wenyeji. Anaachiwa mtoto ambaye si wake, hakuna aliyemfundisha kulea, anajifunzia humo humo. Wenyeji wanamsema pembeni. Mtoto akikua kidogo anamtolea maneno. Halafu siku ambayo amekuwa mtu wa nyumbani, waliomleta wanamfuata, maana kwao bado ni mali yenye namba. Nyumba ngapi za mjini zina hadithi hiyo? Mwanangu mdogo akishtuka usingizini jina la kwanza analoita si langu.

Nilidhani dada angeguswa zaidi na mwisho. Hapana. Yeye alisema palipomuuma ni pale mtoto anapomkana Roz, na Roz hajitetei. Ana binti yake analelewa na bibi kijijini. Hakuongeza neno, nami sikumchimba.

Wazungu wengi wameisoma filamu hii kama hadithi ya uzazi, kwamba mzazi kazi yake ni kumwandaa mtoto aondoke. Sawa, ipo hiyo, na ndiyo iliyoniliza mimi. Ila ukiiangalia ukiwa na bibi na dada wa kazi pembeni, unaona filamu nyingine ndani ya ile ile.

Sauti ya Roz ni Lupita Nyong'o. Minong'ono ilipita ukumbini, "huyo si Lupita wa Kenya?", na kweli ndiye, aliyezaliwa Mexico, akakulia Kenya, akabeba Oscar mwaka 2014. Watanzania tunapenda kuwachokoza majirani, lakini hapa lazima tuwape maua yao. Anaanza na sauti ya wale wadada wa huduma kwa wateja wanaokwambia simu yako ni ya muhimu sana kwetu: changamfu, haina mtu ndani. Halafu kidogo kidogo inapoa, inapata pumzi, inaanza kusita kabla ya neno. Hakuna mahali utakaposema hapa ndipo ilipobadilika. Alipata tuzo ya Annie kwa uigizaji huo wa sauti na wala sishangai. Pedro Pascal ni Fink, mbweha mjanja mwenye upweke anaouficha kwa utani, na watoto wangu walimpenda yeye kuliko Brightbill mwenyewe.

Michoro nayo ni habari nyingine. Mwongozaji Chris Sanders na watu wa DreamWorks hawakutaka ule wepesi wa plastiki tuliouzoea kwenye katuni za kompyuta. Majani, manyoya, anga, vyote vinaonekana vimepakwa kwa brashi. Roz mwenyewe anaanza akimeta, halafu anachubuka, anaota ukungu, anashika tope, hadi anafanana na kisiwa.

Nisiwadanganye, kuna pa kulalamika. Theluthi ya mwisho inaingia vita: roboti wa kampuni, moto msituni, milipuko, kila mtu anakimbia. Ilikuwa kana kwamba mtu ofisini aliogopa watoto watachoka, akasema tia fujo kidogo. Ajabu ni kwamba watoto walikuwa wametulia tuli kwenye sehemu za kimya, na vita vilipoanza ndipo wakaanza kuomba kwenda chooni. Mama yangu alisinzia hapo hapo, na makelele yote yale. Wanangu walibishana kuhusu jambo jingine kabisa. Wakati wa dhoruba ya theluji Roz na Fink wanawakusanya wanyama wote kwenye nyumba aliyoijenga, mla na mliwa humo humo, wanakubaliana kutogusana. Wote ukumbini tulipumua. Mdogo akaniuliza, "Sasa mbweha atakula nini?" Filamu hailijibu swali hilo. Inapita juu yake kwa haraka sana.

Swali hilo ndilo lililonifanya nitafute kitabu. Kimeandikwa na Peter Brown mwaka 2016, na yeye mwenyewe ndiye aliyekichora, picha nyeusi na nyeupe zilizotulia. Sura zake ni fupi mno, nyingine ukurasa mmoja au miwili, kwa hiyo kinafaa sana kusomwa kabla ya kulala. Binti yangu wa darasa la tano anakisoma mwenyewe. Mdogo namsomea kwa kumgeuzia Kiswahili papo kwa papo, nikikwama nabuni, naye ananigundua kila mara.

Kitabu ni kimya kuliko filamu. Msimuliaji anamwambia msomaji mambo kwa utaratibu, kama babu anayejua mwisho na hana haraka nao. Fink yumo lakini ni mtu wa kupita tu, anaonekana amechomwa na miiba ya nungunungu usoni na Roz anamtoa, basi. Filamu ndiyo iliyompandisha cheo, na kwa hilo nawasifu waandishi wa filamu, kwa sababu Roz alihitaji mtu wa kuzungumza naye. Thorn, dubu mkubwa wa kutisha kwenye filamu, kitabuni ni mtoto wa dubu.

Ila swali la mwanangu kitabu kinalijibu vizuri zaidi. Humo wanyama wana makubaliano ya kila siku: kuna muda wa alfajiri ambapo wanakutana na hakuna anayemwinda mwenzake. Muda ukiisha, maisha yanaendelea, mbweha anatafuta chakula chake. Hakuna anayejifanya mbweha amegeuka mla majani. Mtoto wa miaka sita aliridhika mara moja na maelezo hayo, wakati suluhu ya kwenye filamu aliihoji. Ningefurahi kama filamu ingelibakiza hili, hata kwa dakika mbili.

Baadaye tuliiangalia tena nyumbani, taa zimewashwa, tunasimamisha tunapotaka. Uzoefu ni mwingine kabisa. Machozi yanapungua, macho yanafanya kazi. Binti yangu aliona kitu ambacho ukumbini hakuna hata mmoja wetu aliyekiona: bata wakiwa safarini wanapita juu ya daraja la Golden Gate la San Francisco likiwa chini ya maji, na nyangumi wanapita juu yake. Hakuna mhusika anayesema lolote kuhusu bahari kupanda. Picha inapita tu. Tulirudisha nyuma kuhakikisha, kisha akaanza kuuliza watu wa mji ule walikwenda wapi.

Kwa wanaofikiria kwenda na watoto wadogo: tatizo kubwa ni lugha. Hakuna sauti ya Kiswahili. Dakika za mwanzo haziwasumbui, kwa sababu Roz mwenyewe haelewi kitu na vituko ni vya vitendo, lakini utani wa Fink wote unawapita. Nchi hii ambayo Lufufu aliwahi kujaza vibanda umiza kwa kutafsiri sinema za Kihindi na za Kizungu, huku watu wanamwelewa kuliko mwigizaji, inashindwaje kupata katuni moja kwa Kiswahili? Kwa kejeli, iliyoishinda kwenye Oscar ya katuni mwaka 2025 ni Flow ya Latvia, ambayo haina neno hata moja. Kama mtoto wako hajui Kiingereza, hiyo atakwenda nayo mwanzo mwisho.

Mengine ya ukumbini nayapitisha haraka. Sauti ilikuwa juu kupita kiasi kwenye vita, baridi nimeshaisema, na bisi na soda viligharimu kuliko tiketi ya mtoto. Bebeni sweta. Chini ya miaka mitano ningesubiri iangaliwe nyumbani, si kwa sababu ya vifo, bali kwa sababu ya makelele ya mwisho. Mimi naipa nyota nne kati ya tano, binti yangu tano, mdogo anasema kumi.

Filamu ilitengenezwa kwa dola milioni 78 na ikaingiza zaidi ya milioni 330 duniani. Vitabu vya kuendeleza tayari vipo, cha pili ni cha 2018 na cha tatu ni cha 2023. Binti yangu ameshaanza cha pili na juzi alikuwa anatusimulia mezani. Roz ameshatengenezwa upya, ameuzwa, amepelekwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la baba mmoja mwenye watoto wawili. Anakamua, anafanya usafi, na usiku watoto wanamng'ang'ania awasimulie hadithi.

Dada alikuwa anaondoa sahani. Akasimama nazo mkononi. "Na huko," akauliza, "wanamlipa?"