Klempu za Kuunga Paipu: Angalia Mdomo Kabla Hujauliza Bei

Malalamiko mnayonitumia siku hizi ni ya namna moja. Klempu imefungwa, nati zimekazwa mpaka spana inalia, na maji bado yanachuruzika. Mama mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, mwenye nyumba za kupangisha ananiambia fundi amekuja, amekaza, amelipwa na ameondoka. Pampu ikiwashwa usiku, ukuta wa choo unarowa upya. Wa Tudor ameambiwa paipu yake ndiyo mbovu. Wa Changamwe, maskini, ameuziwa klempu ya pili ikafungwa ubavuni mwa ile ya kwanza. Nikiwauliza maji yanatokea upande gani, wote hunijibu kitu kimoja: pale chini ya bolti.

Basi tuanzie hapo chini ya bolti, maana ndipo wauzaji wasipopenda upatazame.

Klempu ya kuunga ni mkanda wa chuma wenye mpira ndani. Ukikaza bolti, mkanda unajivuta na kuuminya mpira juu ya paipu. Unauminya kote isipokuwa sehemu moja, nayo ni pale ncha mbili za mkanda zinapokaribiana. Ncha hizo lazima ziachane kidogo, la sivyo bolti haina cha kuvuta. Mimi uwazi huo nauita mdomo. Hapo mpira hauna chuma mgongoni, na presha ikipanda unabinuka kwenda nje, maji yakapita. Unaweza kukaza mpaka bolti ikatike, mdomo hautasaidika, kwa sababu nguvu yote inakwenda kwingine.

Watengenezaji wanaojua kazi yao hutia kibati chembamba chini ya mdomo, kinachovuka kutoka ncha hii hadi ile, na hukigandisha kwenye mpira kiwandani. Mpira wenyewe hawaukati wima. Huuchonga ncha zake ziwe nyembamba ili moja ilale juu ya nyingine bila kufanya kidato. Sasa fungua klempu ya bei ya chini uone. Kibati kimechomekwa tu, kinateleza kwa kidole. Au ni kifupi kuliko upana wa mpira, kwa hiyo pembeni pamebaki wazi. Au hakipo kabisa. Na mpira umekatwa wima, ncha zinagusana tu.

Sitawachosha na unene wa chuma, wala na tarakimu za presha zilizopigwa muhuri ubavuni. Tangi likiwa mita 10 juu ya mfereji, hiyo ni kama bar 1 tu. Hata ukiongeza pampu ya nyumbani, klempu iliyoandikwa bar 16 haitishwi. Nyingi zinazovuja kwenu zimeandikwa hivyo hivyo bar 16.

Ukienda dukani, beba kipande cha paipu yako, hata kiwe urefu wa shibiri. Fungua klempu, pitisha ukucha chini ya kibati. Kikiinuka au kikisogea, rudisha. Ivishe kwenye kipande, kaza nati kwa mkono, kisha washa tochi ya simu kutoka upande mmoja na uchungulie chini ya bolti kutoka upande wa pili. Ukiona mwanga, huko ndiko maji yatakakopita. Muuzaji atakuangalia kwa jicho baya. Muache aangalie.

Kipande hicho cha paipu kina faida nyingine kubwa kuliko hiyo. Wauzaji wetu wana msemo wao, "Inchi mbili ni inchi mbili, bi mkubwa." Si kweli. Paipu ya G.I., yaani ya chuma kilichopakwa zinki, inayoitwa inchi 2 ina kipenyo cha nje cha milimita 60.3. Paipu nyeusi ya plastiki inayouzwa kwa jina hilohilo ni milimita 63. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uizungushe: mzingo wa ya pili unazidi kwa milimita 8 na nusu hivi. Klempu ya 60 ukiilazimisha kwenye 63, milimita zote hizo zinaongezeka mdomoni, na kibati hakifiki tena ng'ambo. Ukifanya kinyume, masikio ya klempu, yale yanayobeba bolti, yanagusana kabla mpira haujaminywa, na yakishagusana hakuna kukaza tena. Wengi mnaoambiwa "mpira mbaya" mmeuziwa saizi mbaya. Zungusha uzi kwenye paipu, upime, ugawanye kwa 3.14. Uzi ukikupa sentimita 19, una G.I.; ukikaribia 20, una plastiki. Kisha soma kwenye klempu imeandikwa inabeba kuanzia milimita ngapi hadi ngapi, na paipu yako iwe katikati ya hizo, isiwe ukingoni.

Haya, orodha. Nimezipanga kwa mdomo, si kwa mfuko.

1. Straub

Ni ya Uswisi, na sijifichi, ndiyo ninayoipenda. Mpira wake hautegemei misuli ya fundi peke yake. Una kingo zilizokunjwa kwa ndani, maji yakiingia nyuma yake huzisukuma kwenye paipu, kwa hiyo presha ikipanda ndivyo zinavyoshika. Ndiyo maana bolti zake hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye klempu yenyewe, na fundi akizidisha anaharibu. Mpe spana ya kipimo. Akikuambia mkono wake ndio kipimo, tafuta fundi mwingine.

Zipo za aina mbalimbali na majina yanachanganya. Open-Flex hufunguka ikavishwa juu ya paipu iliyopasuka bila kuikata. Hiyo ndiyo ya mwenye nyumba ambaye wapangaji wako ndani. Flex ni ya kuunga ncha mbili, lakini haizuii paipu kuachana, kwa hiyo ukiiweka karibu na kona bila kufunga paipu ukutani, siku moja pampu itaichomoa. Grip ina pete zenye meno yanayouma paipu zisiachane. Kwa laini inayotoka pampu kwenda tangi la juu, nunua Grip na uache ubahili.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa mgao. Maji ya kaunti yakikatika, paipu hubaki tupu, na wakati mwingine hunyonya. Wenye pampu zinazovuta kutoka laini wanazidisha hali hiyo. Kiungo kinachozuia maji kutoka huenda kisizuie uchafu kuingia, na paipu nyingi za mitaa yetu zimelala karibu na mashimo ya vyoo. Straub wana utepe wa kutiwa ndani, kati ya ncha za paipu, ili mpira usivutwe ndani paipu inaponyonya. Uulizie kwa jina la kazi yake, maana wa kaunta hatakutajia.

Ubaya wake ni bei, na kwamba hutaikuta kaunta ya kwanza. Huagizwa.

2. Viking Johnson

Ya Uingereza. Hapa nitazungumzia ile MaxiFit, kwa sababu haina mdomo kabisa. Ni bomba fupi lenye pete mbili pembeni. Bolti zikikazwa pete zinasukuma mipira iliyochongwa kama kabari mpaka iminye paipu pande zote sawasawa. Kwa kuvuja chini ya bolti, hapo hamna chini ya bolti. Inabeba vipenyo vingi, kwa hiyo ndiyo dawa ya mahali G.I. ya zamani inapokutana na paipu ngumu ya plastiki ya juzi. Na mwili wake umefunikwa nailoni, jambo ambalo chumvi yetu hailipendi.

Kwa nini si ya kwanza? Haifunguki. Lazima upate ncha ya paipu uiteleze, na paipu iliyozikwa chini ya vigae vya choo haina ncha mpaka uvunje. Saizi ndogo za nyumbani nazo ni chache. Ukiwa na laini ya inchi 2 kwenda juu, sawa. Kwa paipu ya inchi moja ya jikoni, endelea kusoma.

3. Victaulic

Ya Marekani, ni nzuri mno, lakini paipu yako lazima iwe imechongwa mfuo karibu na ncha. Mahoteli ya Nyali na Bamburi yenye laini za zimamoto ndiyo yenye haja nayo. Ukiikuta, angalia mstari wa rangi kwenye mpira: kijani ni wa EPDM, wa maji; rangi ya machungwa ni wa naitrili, wa mafuta. Ukiuziwa wa mafuta kwa laini ya maji ya moto, rudi nao.

4. Klempu za stenlesi zisizo na jina

Zikipita mtihani wa ukucha na tochi, nunua. Nyingi hazipiti.

5. Klipu ya hosi juu ya kipande cha tyubu

Ya kulala usiku mmoja tu, fundi akija asubuhi.

Sasa chumvi, maana hapa si Nakuru. Maji ya mfereji kutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi yakikatika tunarudi visimani, na visima vyetu vingi kisiwani na Kisauni vina chumvi ya kuonja kwa ulimi. Chumvi haianzii mahali unapopaona. Inaanzia ndani ya mwanya mwembamba kati ya mkanda na mpira, maji yanapotuama, yaani mdomoni tena. Stenlesi ya kawaida, 304, hutoboka huko vitobo vidogo vidogo. Ile ya 316 ina molibdeni na huvumilia zaidi. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, ijapokuwa wauzaji wanapenda sana kuionyesha. Itakugundulia chuma cha kawaida tu. Tazama kichwa cha bolti. Kikiandikwa A2, ni jamii ya 304. Kikiandikwa A4, ni jamii ya 316. Kisipoandikwa kitu na kinang'aa sana, huenda ni chuma kilichopakwa zinki. Bolti ya zinki kwenye mkanda wa stenlesi ndiyo udanganyifu ninaouchukia kupita wote. Metali hizo mbili zikilowana kwa maji ya chumvi, ile bolti ndogo ndiyo inayoliwa kwa ajili ya mkanda mkubwa. Mkanda utabaki mpya na bolti itakatika.

Bolti za stenlesi zina tabia yao pia: nati ikizungushwa kwa kasi hushikana na uzi wa bolti, haiendi mbele wala nyuma. Kwa hiyo hakuna drili ya umeme hapo. Spana, polepole, na dawa kidogo ya kuzuia kukwama kwenye uzi. Kwenye uzi, nimesema. Kwenye mpira fundi asipake grisi ya gari wala vaselini. Mpira wa EPDM hufura ukiguswa na mafuta ya petroli, unalainika na kupoteza nguvu. Maji ya sabuni yanatosha kuulainishia njia.

Mwenye paipu nyeusi asisahau kutia kipande kigumu ndani ya ncha ya paipu, palepale klempu itakapominya. Plastiki hiyo hubonyea taratibu, na mwezi baadaye mpira unabaki hauna cha kushika.

Nimalize kwa wauzaji, maana nimevumilia. Kontena linashushwa bandarini Kilindini. Ukiuliza klempu hapa mjini, unaambiwa mzigo unatoka Nairobi, ndiyo maana bei iko juu. Yaani chuma kimepita mlangoni kwetu, kikapanda reli hadi bara, kikarudi na nauli ya kwenda na kurudi, halafu nauli hiyo nilipe mimi niliye karibu na gati. Bei yenyewe haibandikwi. Muuzaji anakuangalia mkoba kwanza, halafu anaangalia dari, ndipo anataja. Nikimtuma kijana wa duka langu bei inashuka. Nikienda mwenyewe nimejifunga buibui safi inapanda. Na kuna duka moja, silitaji, wana kanuni kwamba ukifungua sanduku umenunua. Sanduku limechapwa jina la maana, ndani mna klempu haina jina hata kwenye bolti. Duka lisilokubali ufungue sanduku, ondoka. Na lile linalokubali, dai risiti ya ETR, ile ya mashine ya kodi, yenye saizi na aina ya klempu, isiandikwe "fittings" tu, kwa sababu siku ya kurudisha watakuuliza ni ipi.

Siku ya kufunga simama pale pale. Paipu isuguliwe kwa msasa mpaka kutu na rangi iliyoinuka iondoke, mahali mpira utakapokaa pote. Fundi atie alama kwa kalamu kwenye kila paipu, nusu ya upana wa klempu, ili kiungo kikae katikati. Kama paipu imetoboka, mdomo uelekezwe upande wa pili wa tobo, na kwa G.I. uwe mbali na ule mshono wa urefu wa paipu. Bolti zikazwe kwa zamu, kidogo hii kidogo ile. Kisha anywe chai yake dakika kama 10, mpira ukae, aje akaze tena kwa kipimo kilekile. Wanaoruka hatua hii ndio hurudi kudai pesa ya pili.

Na dada wa Likoni aliyeniuliza kama klempu iliyofunguliwa inaweza kufungwa kwingine: mkanda ndiyo, ukiwa hauna vitobo mdomoni. Mpira la, kwa sababu ukiminywa muda mrefu hubaki umelala na haurudi ulivyokuwa. Uulizie mpira peke yake. Utaambiwa hauuzwi, nunua nzima.