Karakana ya brashi ya Otto Weidt, Berlin: kiingilio bure, ingieni ndani

Karakana hii sasa ni makumbusho ya mtu aliyewakinga Wayahudi wakati serikali ya Hitler ikiwakamata na kuwaua. Kiingilio ni bure. Naanza na hilo kwa sababu najua wenzangu wa Kariakoo ndilo watakaloniuliza kwanza, na Berlin hata choo cha stesheni unakilipia.

Unashuka Hackescher Markt, unauliza Rosenthaler Straße namba 39. Ni kichochoro cha zamani, kuta zimejaa michoro ya rangi toka chini mpaka juu, ndani kuna sinema na vijana wanapiga picha. Kampuni moja ya kutembeza wageni, tuliyoilipa hela si haba, ilitusimamisha hapo nje, kijana wao akasema "hapa palikuwa na kiwanda cha vipofu," kisha akaendelea na habari za michoro. Basi nikamwambia dada yangu anayeishi huko, tuachane na hawa, turudi wenyewe.

Mimi nauza mifagio na brashi, jumla na rejareja. Kwa hiyo maoni yangu yapokeeni hivyo, ni ya mtu wa biashara hiyo hiyo.

Otto Weidt alikuwa Mjerumani aliyezaliwa Rostock mwaka 1883. Macho yalipoanza kufa akajifunza kutengeneza mifagio na brashi, akafungua karakana, na mwaka 1940 akaihamishia hapa. Wafanyakazi wake walifika kama thelathini, wengi wao Wayahudi vipofu na viziwi. Jeshi la Ujerumani lilikuwa linanunua brashi zake, hivyo karakana ikaandikishwa kuwa ni muhimu kwa vita. Karatasi hiyo moja ndiyo iliyokuwa ngao ya wafanyakazi wasikamatwe. Ilimpa mali ghafi, na ilimpa sababu ya kumwambia ofisa: watu hawa nawahitaji, mzigo wa jeshi utachelewa.

Vyumba ni vidogo, vimefuatana kama behewa za treni, sakafu ni ya mbao na inalia unapokanyaga. Nilikaa sana kwenye brashi zilizowekwa humo. Brashi ya mkono ya zamani ni kipande cha mbao kilichotobolewa matundu mistari kwa mistari. Fundi anachukua fungu la nywele, analikunja katikati, analivuta kwa waya mpaka libane tunduni, anahamia tundu linalofuata. Kazi hiyo haitaki macho, kidole kinatosha kutafuta tundu. Brashi za plastiki ninazouza mimi zinatoka mashineni na baada ya miezi zinanyonyoka. Zile za mkono unarithisha.

Sasa biashara yenyewe. Weidt hakuwa anapeleka mzigo wote jeshini. Sehemu ilikwenda magendo, na kilichopatikana huko kikageuka chakula cha wafanyakazi na kitu kidogo cha maofisa wa Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Siku moja Gestapo waliwachukua wafanyakazi wake wakawapeleka kwenye nyumba ya kukusanyia watu ya Große Hamburger Straße, ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Akawafuata, akabishana, akarudi nao barabarani, vipofu wameshikana, vifuani nyota za njano ambazo Wayahudi walilazimishwa kuvaa. Kwa bei gani, mfanyabiashara yeyote anaweza kukisia.

Aliyesimulia haya kwa miaka mingi ni Inge Deutschkron, Myahudi aliyekuwa binti wa ofisini hapo. Habari ya familia yake ndiyo iliyonishika. Baba, mwalimu na msoshalisti, aliondoka kwenda Uingereza mwaka 1939, mama na binti wamfuate. Vita ikawafungia njia. Mwaka 1941 Inge akaingia kwa Weidt. Januari 1943 yeye na mama yake, Ella, wakavua nyota wakajificha mjini. Wenye duka la dobi ndio waliowasihi wasikubali kupelekwa mashariki na serikali, maana walishasikia kwa askari aliyetoka mashariki yanayofanyika huko. Dobi na wateja wake, fikiria.

Weidt akamtafutia Inge kitabu cha kazi cha mwanamke mwingine, kwa jina la Gertrud Dereszewski, Inge akaendelea kufika kazini kama Mjerumani asiye Myahudi. Kulala ikawa leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwishoni mama na mwana walikuwa wanaishi kwenye banda la mbuzi huko Potsdam. Mwaka 1945, wakimbizi walipofurika kutoka mashariki, nao wakajichanganya humo, wakajiandikisha kama wakimbizi waliopoteza karatasi, wakapewa kadi za mgao wa chakula. Werevu huo ulinifanya nicheke peke yangu mle ndani, mlinzi akanitazama. Mwaka 1946 wakavuka kwenda Uingereza kwa baba. Wayahudi wa Berlin waliopona kwa kujificha ndani ya mji ni kama 1,700, katika jamii iliyokuwa na watu kama 160,000 mwaka 1933.

Chumba cha mwisho hakina dirisha. Mlango wake ulizibwa na kabati la nguo, na nyuma yake ilijificha familia ya Horn: Chaim, mkewe Machla, na watoto wao Ruth na Max. Walikaa humo miezi kadhaa ya 1943 mpaka wakasalitiwa. Hakuna aliyerudi kutoka Auschwitz, kambi ya mauaji. Weidt yule yule, kabati, mzigo wa jeshi, rushwa, vyote vilikuwepo, na havikutosha. Sikuweza kusimama humo sana.

Yuko pia Alice Licht, karani wake, ambaye naye alikamatwa pamoja na wazazi wake. Kutoka kwenye treni ya kwenda Auschwitz alirusha kadi ya posta yenye anwani ya Weidt, na kuna mtu aliiokota akaituma. Mzee Weidt, macho yale yale mabovu, akafunga safari mpaka Auschwitz akijifanya anakwenda kuuza mifagio. Akagundua Alice amehamishiwa kambi ya Christianstadt, akapanga chumba karibu na huko, akaacha nguo na fedha. Mapema 1945 Alice akatoroka, akafika Berlin, akafichwa nyumbani kwa Weidt mpaka vita ikaisha. Wazazi wake hawakupona. Weidt mwenyewe alifariki 1947, na mwaka 1971 Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, wakamtambua kuwa Mwenye Haki kati ya Mataifa, heshima ya wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi.

Mambo ya vitendo: maelezo ni ya Kijerumani na Kiingereza, simu yenye chaji itakusaidia. Saa moja inatosha kama husomi kila kitu, mimi nilizidisha. Watoto wa shule ya msingi nisingewaingiza kwenye chumba cha mwisho bila kuzungumza nao kwanza. Nendeni asubuhi, kwa sababu vyumba hivyo vikiwa na kundi la wanafunzi hupati nafasi ya kugeuka. Kituo cha Anne Frank kipo kichochoro hicho hicho, ila huko mnalipa. Na maonyesho ya watu waliowaficha Wayahudi, ambayo vitabu vya wageni vya zamani vinasema yapo hapo, yalihamia Stauffenbergstraße mwaka 2018. Yale nayo ni bure.