Kliniki ya homa ya ini, Ganjoni: mfamasia hodari, foleni ndefu

Kliniki hii ndogo, ambako shemeji yangu anatibiwa homa ya ini aina ya B, inastahili sifa hasa kwa sababu ya mfamasia wake. Shemeji alipotambua kwamba tenofoviri aliyoandikiwa ni dawa ya Ukimwi, nusura airudishe dirishani. Mfamasia akamweleza, kwa sauti ya chini na bila kumfedhehesha, kwamba dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 dhidi ya VVU, kisha mwaka 2008 dhidi ya homa ya ini B, kwa kuwa virusi vyote viwili hutegemea kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) kinachonakili taarifa zao za urithi kutoka umbo la RNA kuwa DNA, nacho ndicho dawa hukizuia. Lamivudini, dawa nyingine ya VVU, ilitangulia kupita njia hiyohiyo. Akaongeza kwamba baadhi ya tiba za saratani ya damu hutumia kirusi kilichotokana na VVU, kikaondolewa uwezo wa kuzaana, ili kupeleka jeni ndani ya seli za kinga; somo hilo sikulitarajia kwenye dirisha la dawa. Kasoro ni kwamba dirisha lenyewe ni moja, viti havitoshi, na majibu ya vipimo vya ini huchelewa. Bei ni ya wastani, na risiti hutolewa bila kuombwa.