Diski Inapoanza Kufa: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Wengi wanaoingia katika maduka ya kompyuta ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, wakiwa na diski inayokufa huulizia kwanza programu ya kurejesha faili, na hapo ndipo fedha zao hupotea. Naweka nafasi ya kwanza diski mpya ya nje yenye ukubwa unaoizidi ile mbovu: kama ya zamani ni ya terabaiti 1, chukua ya terabaiti 2. Diski iliyoanza kuharibika huzidi kuharibika kadiri inavyozunguka, kwa hiyo haifai kupekuliwa faili moja moja; inakiliwe yote, kisha upekuzi ufanyike kwenye nakala.

Nunua pia kebo ya kuiunganisha kwa USB. Diski ya inchi 2.5 ya kompyuta mpakato hutosheka na umeme wa kebo hiyo, lakini ya inchi 3.5 huhitaji adapta ya volti 12. Programu ya kunakilia, ddrescue, ni ya bure: husoma kwanza sehemu zilizo nzima, huziruka mbovu na kuzirudia baadaye, na ukiipa faili la kumbukumbu huandika humo ilipofikia. Nilipokuwa nikinakili picha za harusi za jirani yangu, umeme ulikatika usiku wa manane; asubuhi kazi iliendelea palepale ilipoishia.

Nafasi ya pili ni fundi mwenye chumba kisicho na vumbi, ambaye ni ghali. Huyu anahitajika diski inapogonga tik, tik, tik, kwa kuwa mara nyingi vichwa vya kusomea vimeharibika na hakuna programu itakayovitengeneza. Izime papo hapo. Muulize fundi anaifungulia wapi. Akikuonyesha meza yake ya kawaida, ondoka na diski yako, maana vichwa hivyo huelea juu ya sahani zinazohifadhi data kwa umbali ulio mdogo kuliko chembe ya vumbi.

Programu za kulipia za kurejesha faili ni za mwisho, tena baada ya kujaribu PhotoRec, ambayo hufanya kazi hiyo bure. Usiisakinishe yoyote kwenye diski mbovu.

Jihadhari na diski za nje zinazodaiwa kuwa za terabaiti 16 kwa bei ya kutupa. Ndani huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, na faili zinazozidi uwezo wake hupotea kimyakimya. Kabla ya kuiamini diski mpya, ijaze yote kwa H2testw, programu ya kupima uwezo halisi wa diski.