Epoksi imefurika kwenye mbao: ununue nini kwanza?

Mueleze muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi kwamba epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, imefurika ulipokuwa ukiziba ufa kwenye meza ya mninga, na huenda akakutolea kopo la thina. Mwache nalo. Kwenye mbao ambayo haijapakwa kitu, vimiminika naviweka mkiani.

Nambari moja ni selotepu pana ya kufungia maboksi, ile ya plastiki. Epoksi haiishiki sawasawa, kwa hiyo ukiibandika kando ya ufa kabla ya kumimina, kinachofurika kinabaki juu ya tepu. Tepu ya karatasi ya wapaka rangi nayo inafaa, ila ibandue kabla epoksi haijakauka kabisa, la sivyo utaanza kuchokoa vipande vya karatasi.

Ya pili ni patasi kali, na seremala yeyote anayo. Kazi yote iko kwenye kuvizia wakati. Subiri epoksi iwe kama mpira: hainati tena, lakini ukiibonyeza kwa kijiti inaacha alama. Hapo inanyanyuka ukanda mzima. Ile ya dakika 5 haikupi nafasi ndefu. Ya kukauka polepole inakupa saa kadhaa, na joto likizidi muda unapungua.

Ukichelewa, tafuta bamba jembamba la chuma la kukwangulia. Hata kipande cha msumeno wa mkono uliochakaa kinatosha, ukikinoa vizuri. Naliweka mbele ya msasa, kwani msasa ukipata moto epoksi hulainika na kuuziba, tena unaila mbao iliyo laini zaidi pembeni na kuacha mabonde. Nunua msasa wa namba 80 na 120 kwa kumalizia tu, na uvae barakoa. Vumbi la epoksi ambayo haijakomaa ni baya.

Spiriti na asetoni ni za kusafishia vifaa. Ukizipaka kwenye mbao zinaiyeyusha epoksi mbichi na kuisukuma ndani ya vinyweleo, kisha rangi ya mbao haishiki pale na doa linajitokeza chini ya vanishi. Asetoni pia hushika moto upesi mno. Kwa vifaa, siki ya jikoni hufanya kazi hiyo hiyo kwa bei ndogo, mradi epoksi haijaganda.

Thina sinunui kwa kazi hii. Hela yake nunulia glavu za nitrili, maana epoksi ikigusa ngozi ni sabuni na maji tu. Spiriti huipenyeza ndani zaidi.