Seti ya vifaa vya uashi niliyonunua Gerezani, Dar es Salaam: kipi kinafaa, kipi ukiache dukani

Seti yenyewe inauzwa ndani ya mfuko wa turubai: mwiko, pima maji ya sentimita 60, timazi, bunda la uzi, nyundo, tindo, skwea ya chuma na tepu ya mita 5. Muuzaji alianzia shilingi 90,000, tukamalizana kwa 75,000. Haina jina la kampuni wala karatasi ya maelezo. Nimeitumia kujengea stoo na banda la kuku Kibaha, mwanzoni nikiwa saidia fundi, baadaye fundi akaniachia ukuta wa nyuma, ule ambao wageni hawauoni. Haya basi ni maoni ya mtu anayejifunza. Mafundi wakieleza kazi yao huruka mambo ambayo kwao ni ya kawaida mno, na hayohayo ndiyo yanayotukwamisha sisi wengine.

Nianze na mwiko, maana ndio kila mtu anaukimbilia. Wa kujengea una umbo la jani, una ncha mbele na mabega mapana nyuma. Ule wa mstatili ni wa lipu na sakafu, na kuna seti zinazouzwa zikiwa na huo peke yake, hizo ziache. Kisha tazama shingo, yaani kile chuma kinachounganisha bapa na mpini. Ulio bora umefuliwa kipande kimoja, shingo na bapa pamoja. Wa kwangu umechomelewa, ila umechomelewa vizuri na haujalegea mpaka leo. Mpini wa mbao ulianza kucheza mapema, nikaugonga chini mara kadhaa ukakaa. Kwa bei yake sina neno.

Mwiko mzuri hauokoi udongo mbaya, yaani ule mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji unaoshikanisha matofali. Kwa ukuta wa matofali ya saruji tulitumia kipimo 1 cha saruji kwa vipimo 6 vya mchanga. Mfuko wa kilo 50 una kama lita 35 za saruji, kwa hiyo mchanga wake ni lita 210, sawa na ndoo 10 na nusu za lita 20. Wengi hupima kwa toroli, na mimi siipendi njia hiyo: toroli moja hujazwa kwa kilima, inayofuata hujazwa kwa usawa, mwishowe ukuta mmoja una udongo wa aina tatu. Ndoo haina ujanja. Saruji na mchanga vichanganywe vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo maji yaingie kidogo kidogo. Ukiuchota kwa mwiko na kuuinamisha, ushuke taratibu. Ukianguka kama jiwe, ongeza maji, ukitiririka, umeshazidisha. Kwa jua la Pwani hesabu saa moja na nusu tangu maji yalipoingia. Baada ya hapo ukianza kukaza, usiulainishe kwa kuongeza maji, umwage tu. Ndiyo maana ni afadhali kukoroga kidogo mara nyingi kuliko kukoroga mfuko mzima asubuhi.

Sasa pima maji, na hapa ndipo pesa yako inapoliwa au kuokolewa. Kifaa hiki ni ubapa wa alumini wenye vichupa vitatu vya maji, kimoja cha mlalo, kimoja cha wima, kimoja cha pembe ya nyuzi 45. Kiputo cha hewa kikikaa katikati ya mistari miwili, mambo yako sawa. Hapo ni kama kichupa chenyewe kimefungwa sawa, na kwenye seti za bei hii si vyote vilivyofungwa sawa.

Ipime hapohapo dukani. Ilaze kwenye kaunta, soma kiputo kimeegemea wapi. Kisha izungushe, ncha iliyokuwa kushoto ije kulia, uilaze palepale. Kama kaunta imeinama na kiputo kilikuwa kimeegemea upande wa ukutani, lazima sasa nacho kiegemee upande uleule wa ukutani, kwa kiasi kilekile. Kikihamia upande wa pili, kosa ni la kifaa. Kichupa cha wima kipime kwenye fremu ya mlango kwa namna hiyohiyo: soma, geuza ubavu wa pili uguse palepale, soma tena. Nilifungua mifuko miwili ya kwanza, zote mbili zikaanguka mtihani. Muuzaji akanuna. "Kaka, unanunua vifaa au unakagua ndege?" Ya tatu ilipita, nikaondoka nayo. Usione haya kununiwa. Pima maji iliyopotoka milimita 2 kwa urefu wake wa sentimita 60, ukiihamisha kipande kwa kipande kwenye ukuta wa mita 6, mwisho wa ukuta umeshapotea sentimita 2, na hizo utazilipia baadaye kwenye lipu.

Lawama yangu kwa pima maji hii ni ufupi wake. Sentimita 60 inazidi tofali moja kwa kidogo tu, na ukuta unaweza kupinda ukiwa unakuambia kila tofali liko sawa. Fundi alitafuta ubao ulionyooka wa mita 2, akawa anaulaza juu ya kozi, yaani mstari mmoja wa matofali, na kuweka pima maji juu ya ubao. Ukiwa na nafasi, nunua ya sentimita 120 pembeni. Kwa umbali mkubwa zaidi, kwa mfano kuhamisha usawa kutoka kona moja ya msingi hadi nyingine, hakuna kinachoushinda mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga. Ujaze maji, hakikisha hakuna hewa iliyokwama ndani, ncha moja huku, nyingine kule. Maji yatatulia kimo kimoja. Mpira haumo kwenye mfuko, na ni bei ya chai na chapati mbili.

Timazi ndiyo iliyonishangaza kwa uzuri. Ni pande la chuma lenye ncha, limening'inizwa kwa uzi unaopita katikati ya kibao. Upana wa kibao ni sawa na upana wa chuma, na hapo ndipo akili yake ilipo. Unakibana kibao kwenye ukuta juu, chuma kinashuka, unakiacha kitulie. Kikiugusa ukuta kwa shida, kama kinaupapasa, ukuta umesimama wima. Kikiacha mwanya, ukuta juu umetokeza nje. Kikiulalia, ujue ukuta umeelekea ndani kadiri unavyopanda. Ya kwangu niliipima kwa tepu, kibao na chuma vilitofautiana kidogo sana, nikakisugua kibao kwa msasa. Upepo wa mchana ulipokuwa unaizungusha, fundi aliweka ndoo ya maji chini, chuma kikazama humo kikatulia. Sijawahi kuisoma mbinu hiyo mahali.

"Bosi," aliniambia, "pima maji inaweza kudanganya. Timazi haina cha kudanganya nacho."

Kwenye kuta ndefu namwamini. Kwenye tofali moja moja bado naona pima maji inafanya kazi haraka zaidi.

Uzi ni wa nailoni, wa rangi ya chungwa, na nauhesabu kuwa kitu cha thamani kuliko vyote mfukoni humo ingawa ndio rahisi kuliko vyote. Mpangilio ni huu: unaanza kona. Kila kona inapandishwa kozi tatu hivi kwa ngazi, kozi ya chini ndefu, ya juu fupi. Kona hizo ndizo zinazopimwa kwa subira, kwa pima maji na timazi, kwa sababu ukuta wote wa katikati utazifuata. Kisha unavuta uzi kutoka kona hadi kona kwenye kimo cha juu cha kozi, na matofali ya katikati unayalaza kwa kuufuata. Tofali lisiuguse uzi. Acha mwanya wa milimita 2, maana tofali moja likiusukuma, yote yanayofuata yanaukimbiza uzi uliosukumwa na ukuta unafanya tumbo. Kwa ukuta mrefu uzi hulegea katikati. Weka tofali moja la kuushikilia pale kati, ulipime sawasawa kabla ya kuendelea. Uzi wa pamba usinunue, unanyonya maji na kulegea.

Tulitumia matofali ya nchi 6, yale ya unene wa nchi 6, urefu wa nchi 18 na kimo cha nchi 9. Kwenye msingi tuliyalaza, kwenye ukuta tukayasimamisha. Nchi 9 ni karibu sentimita 23, ongeza udongo wa sentimita 1, kila kozi inakula sentimita 24. Kata mti ulionyooka, utie alama kila sentimita 24, uusimamishe kwenye kona unapopanda. Bila mti huo kona moja inaweza kufika kozi ya tano ikiwa chini ya mwenzake, na utalificha kosa kwa kiungo kinene cha udongo kati ya matofali, ambacho kila mtu atakiona. Kozi 5 zinakupa mita 1.2, na fundi alikuwa anakomea hapo kwa siku, hata kama jua bado liko juu. Udongo wa chini ukiwa mbichi, uzito wa juu unaukamua na ukuta unahama.

Kuhusu kulaza tofali lenyewe: mwaga udongo, utandaze, paka pia kichwa cha tofali kabla ya kuliteremsha, maana kiungo cha wima kisipojazwa maji ya mvua yatapita hapo. Literemshe, ligonge kwa mpini wa mwiko mpaka lifikie kimo cha uzi bila kuugusa, kwangua udongo uliochomoza. Kiungo cha wima kiangukie katikati ya tofali la chini, yaani viungo vipishane nchi 9. Tofali likishakamata usilisogeze tena. Ukiona limekaa vibaya, ling'oe, kwangua udongo wote, anza upya, kwa sababu kulisukuma kunakata ule mshiko na halitashika mara ya pili. Matofali ya kuchoma yana tabia nyingine, yananyonya maji ya udongo kwa pupa, hivyo loweka kwanza. Ya saruji nyunyizia kidogo tu, na siku za joto.

Tepu ni nzuri, ina nchi upande mmoja na sentimita upande mwingine, na utazihitaji zote, kwa kuwa duka la matofali linazungumza nchi na ramani inazungumza milimita. Ile ndoano ya mwanzo inacheza kidogo. Nimesikia watu wakirudisha tepu kwa sababu hiyo. Haijaharibika: inacheza kwa unene wake wenyewe, ili kipimo kiwe kilekile ukiivuta kwa nje au ukiisukuma kwa ndani.

Skwea ya chuma iache mfukoni, ni ndogo mno kwa msingi. Kona ya mraba inapatikana kwa tepu na uzi: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na umbali kati ya alama hizo mbili uwe mita 5 kamili. Haukufika au umezidi, sogeza uzi. Ukimaliza pembe nne, pima mishazari miwili ya jengo, yaani kutoka kona hadi kona inayoikabili, ikilingana, endelea.

Nyundo haina shida. Tindo ndiyo dhaifu. Ncha yake ilikunjika kwenye matofali magumu, nikaipeleka kwa mnoaji, ikakunjika tena. Kukata tofali unapiga alama ya tindo kuzunguka pande zote nne polepole, mara mbili, ndipo pigo la nguvu. Ukilipiga mara moja kwa hasira unapata vipande vitatu. Tindo nzuri nilinunua peke yake.

Karai, koleo, toroli na chekeche la mchanga utavitafuta mwenyewe, seti haina. Mchanga wa baharini usiuguse hata ukipewa bure, chumvi yake inatoka ukutani na kula nondo. Na kama kuna kitu kimoja ambacho watengeneza seti hizi walipaswa kukitia mfukoni badala ya ile skwea, ni glavu za mpira. Saruji mbichi inaunguza ngozi, na haikuumi unapoishika. Unaanza kuisikia usiku, vidole vikiwa vimeshachubuka. Za kitambaa hazisaidii kitu, zinaloa na kuishikilia saruji kwenye ngozi. Tafuta za mpira mzito zinazofika juu ya kifundo cha mkono, na ukirukiwa machoni, osha kwa maji mengi safi palepale, kisha nenda hospitali.